Somo la kompyuta: kitufe chenye jina ambalo mama analijua

Jioni ya leo fanya jaribio dogo. Mwombe mtu mzima wa nyumbani kwako asiyesoma Kiingereza, awe mama, baba au nyanya, awashe kompyuta na kufika kwenye ukurasa wa kliniki yenu bila mtoto kumsaidia. Usimwelekeze. Kaa pembeni utazame anakwama wapi.

Katika nyumba nyingi atakwama mapema sana. Atawasha kompyuta vizuri, ataandika neno la siri, kisha atakutana na skrini yenye picha ndogondogo na majina asiyoyasoma. Hapo atamwita mtoto. Mtoto atabofya mara tatu haraka haraka, ukurasa utafunguka, na mama hatajua njia iliyopitiwa. Mama mmoja wa darasa letu alilisema vizuri: "Mwanangu akienda shule, kompyuta nayo imeenda shule." Na siku ujumbe wa daktari unapofika, anayeusoma kwanza ni mtoto wa miaka kumi na miwili, hata kama habari yenyewe si ya mtoto kuijua.

Somo la leo halitakufundisha Kiingereza, wala halitatafsiri ukurasa wa kliniki. Linahusu hatua moja tu, ile ya kufika mlangoni. Tutaweka kwenye kompyuta kitufe chenye jina la Kiswahili na picha inayotambulika, ili kila mtu mzima aweze kukibofya na kufika mahali sahihi. Tunatumia Linux Mint yenye mwonekano wa Cinnamon, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta zilizotumika tunazozigawa. Wenye Windows au Chromebook watapata maneno yao karibu na mwisho.

Kwanza tuelewe kitufe ni nini. Ile picha ya mbweha wa Firefox unayoibofya siyo programu yenyewe. Programu imekaa mahali pengine ndani ya kompyuta. Picha ni njia ya mkato, na nyuma yake kuna faili fupi la maandishi lenye mistari michache: jina la kuonyesha, picha ya kuonyesha, na amri ya kutekeleza mtu akibofya. Ni kama kibao cha duka barabarani. Ukifuta kibao, duka halijafungwa. Kwa hiyo usiogope kujaribu. Ukikosea unafuta kitufe chako na kuanza upya, na hakuna programu itakayoharibika.

Lakini mfano huo wa kibao una upande wa pili. Yeyote anaweza kuchora kibao cha benki na kukitundika penye duka lisilo benki. Tutalirudia jambo hilo.

Njia ya haraka zaidi

Funga madirisha yote hadi uone skrini ya mwanzo. Bofya sehemu iliyo wazi kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua "Create a new launcher here". Kitafunguka kidirisha kidogo. Penye "Name" andika jina, kwa mfano Kliniki. Penye "Command" andika amri hii, ukiweka anwani halisi ya kliniki yako ndani ya alama za kunukuu:

firefox "https://anwani-ya-kliniki"

Anwani usiiandike kwa kukisia, wala usiitafute kwa jina kwenye Google. Ichukue kwenye karatasi uliyopewa na kliniki yenyewe, au kwenye barua yao. Ukitafuta kwa jina, mara nyingi matokeo ya juu kabisa huwa ni matangazo yaliyolipiwa, na mtu asiyesoma lugha hawezi kutofautisha tangazo na ofisi halisi. Hii ndiyo faida kubwa ya kitufe kuliko hata urahisi wake. Unatafuta mara moja kwa makini, ukiwa na mtu wa kukusaidia, na baada ya hapo hakuna haja ya kutafuta tena.

Alama za kunukuu usiziache. Anwani nyingi zina alama kama ? au & ndani yake, na bila kunukuu kompyuta inaweza kuielewa amri vibaya. Kama anwani ina alama ya asilimia, andika alama hiyo mara mbili, %% badala ya %, kwa sababu katika faili hizi alama moja ya asilimia ina maana nyingine. Watu hupoteza saa nzima kwa jambo hili dogo.

Upande wa kushoto wa kidirisha kuna picha. Ibofye uchague nyingine unayoitaka. Ukimaliza bonyeza OK. Kompyuta itakuuliza kama unataka kitufe kiwekwe pia kwenye menyu. Kubali. Kitawekwa kwenye kundi linaloitwa "Other", na pia kitabaki kwenye skrini ya mwanzo.

Tovuti iwe na dirisha lake

Mint ina programu nyingine iitwayo "Web Apps", ambayo hugeuza tovuti ikafunguka kwenye dirisha lake lenyewe, kama programu inayojitegemea. Ifungue kutoka kwenye menyu, bonyeza alama ya kujumlisha, andika jina na anwani, kisha bonyeza kitufe kilicho karibu na anwani ili itafute yenyewe nembo ya tovuti hiyo. Njia hii inafaa sana kwa tovuti ya shule ya watoto, au kwa mazungumzo ya video na jamaa.

Mambo mawili yanasumbua watu hapa. La kwanza, ukichagua Firefox, dirisha hilo lina kumbukumbu yake peke yake. Maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye Firefox ya kawaida hayamo. Mara ya kwanza utaulizwa kuingia upya, na watu hudhani akaunti yao imepotea. Haijapotea. La pili, kwa kawaida dirisha hilo halionyeshi anwani ya tovuti. Kwa video za kupika si kitu. Kwa benki, kliniki au serikali, mimi sipendi. Wakati wa kutengeneza kuna sehemu ya kuwasha "Navigation bar". Iwashe, ili anwani ionekane juu na uweze kuikagua.

Faili lenyewe, kwa wanaotaka zaidi

Hapa ndipo ninapopenda vijana wakae na wazazi wao meza moja. Kijana anaandika, mzazi anaamua maneno.

Fungua programu ya kuandikia maandishi, "Text Editor", uandike hivi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Clinic
Name[sw]=Kliniki
Name[fr]=Clinique
Exec=firefox "https://anwani-ya-kliniki"
Icon=/home/familia/Pictures/ikoni/kliniki.png
Terminal=false
Categories=Network;
Keywords=daktari;dawa;miadi;randevu;hospitali;

Lihifadhi kwa jina kliniki.desktop ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye folda iitwayo .local, kisha share, kisha applications. Folda ya .local imefichwa kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Ili uione, fungua folda ya nyumbani ubonyeze Ctrl na H kwa pamoja. Kama folda ya applications haipo, itengeneze. Usishangae ukiliona faili lako limebadilika sura mara tu baada ya kulihifadhi. Badala ya kliniki.desktop unaona jina na picha ulizoandika. Ukitaka kulirekebisha, libofye kwa kitufe cha kulia ulifungue kwa "Text Editor".

Tazama mistari mitatu ya jina. Wa kwanza ni jina la kawaida. Wenye sw hutumika pale tu ambapo akaunti ya mtumiaji imewekwa Kiswahili, na wenye fr pale ilipowekwa Kifaransa. Kwa hiyo nyumba yenye akaunti tatu inaweza kuwa na kitufe kimoja chenye majina matatu: kijana anaona Clinic, mama anaona Kliniki, na baba aliyesoma Kifaransa kule Bukavu anaona Clinique. Lugha ya kila akaunti hubadilishwa kwenye mipangilio, penye "Languages". Usitegemee kila neno la kompyuta ligeuke Kiswahili. Majina ya vitufe vyako mwenyewe ndiyo utakayokuwa na uhakika nayo.

Ila kama nyumba nzima inatumia akaunti moja, na hiyo akaunti imewekwa Kiingereza, mstari wa sw hautaonekana kamwe. Hapo andika Kiswahili moja kwa moja kwenye Name. Ndivyo ninavyowashauri wengi wafanye. Na kama mna akaunti kadhaa, faili lililo kwenye .local huonekana kwa mwenye akaunti hiyo tu. Likiwekwa kwenye /usr/local/share/applications huonekana kwa wote, lakini kompyuta itadai neno la siri la msimamizi kabla ya kukuruhusu.

Mstari wa Keywords ndio ninaoupenda kuliko yote. Ukibonyeza menyu na kuanza kuandika, kompyuta hutafuta pia maneno hayo. Mama akiandika daktari, kitufe cha Kliniki kinajitokeza, ingawa neno daktari halimo kwenye jina. Weka maneno ambayo yeye huyatamka kweli. Kama nyumbani kwenu mnasema randevu na siyo miadi, andika randevu. Kama anaita dawa kwa jina la lugha ya kwao, andika hilo. Hakuna mwalimu atakayesahihisha. Kila neno lifuatwe na nukta mkato, hata la mwisho.

Kwenye Exec na Icon, andika njia kamili kuanzia /home. Alama ya ~ ambayo vijana huitumia kufupisha folda ya nyumbani haifanyi kazi hapa. Na badala ya familia uweke jina la akaunti yako.

Mkishahifadhi na kitufe hakionekani kwenye menyu, angalieni mambo haya kabla ya kukata tamaa: mstari wa kwanza una mabano ya mraba na herufi kubwa D na E, jina la faili linaishia na.desktop na halikuongezewa .txt, na herufi kubwa na ndogo ziko kama zilivyo hapo juu, kwa kuwa Linux huona Picha na picha kuwa maneno mawili tofauti. Kijana anaweza pia kufungua "Terminal" aandike desktop-file-validate, nafasi, kisha njia ya faili. Kukiwa na kosa atatajiwa. Kukiwa kimya, faili ni zima.

Picha

Msikimbilie nembo rasmi. Nembo ya kliniki ina maana kwa aliyeichora. Kwa nyanya ni duara la bluu kama maduara mengine ya bluu. Nimeona vitufe vinavyofanya kazi vizuri zaidi vikiwa na picha ambazo familia ilipiga yenyewe: mlango wa kliniki, basi la shule likiwa mbele ya nyumba, uso wa shangazi aliyebaki Nyarugusu kwa kitufe cha kumpigia simu ya video. Mtu haulizi tena "ni ipi?" akiona uso wa dada yake.

Picha ikatwe iwe mraba, kitu kimoja kikiwa katikati na kikubwa, kwa kuwa kwenye skrini itaonekana kama ukucha wa kidole gumba. Upana na urefu wa pikseli 256 unatosha. Picha za simu mara nyingi ni za aina ya JPG, lakini kanuni za ikoni zinataka PNG au SVG. Ifungue kwenye programu ya "Drawing", ikate, kisha ihifadhi upya kwa jina linaloishia na .png.

Na tafadhali usiiache kwenye folda ya Downloads. Faili la kitufe halibebi picha ndani yake, linakumbuka tu ilipo. Siku mtoto atakaposafisha Downloads, kitufe kitabaki na alama isiyo na sura, na nyanya atadhani kliniki imefungwa. Tengeneza folda ya ikoni ndani ya Pictures uwaambie wote wasiiguse.

Vitufe gani, na vingapi

Vitano vinatosha. Skrini yenye vitufe ishirini inamrudisha mama kule kule alikotoka. Vingine vyote viacheni ndani ya menyu, na vile vinavyotumika kila siku mviweke kwenye ukanda wa chini: kwenye menyu bofya programu kwa kitufe cha kulia uchague "Add to panel". Vya kule chini havisogei ovyo kama vya skrini ya mwanzo, ambavyo watoto huvivuruga wakicheza.

Kimojawapo cha hivyo vitano kiwe cha idara ya uhamiaji, yaani https://www.uscis.gov. Mnajua kwamba hapa Marekani, asiye raia akihama nyumba anatakiwa kuijulisha idara hiyo anwani mpya ndani ya siku 10. Familia nyingi huhama mwaka wa kwanza, kodi ikipanda au kazi ikipatikana mji mwingine, na jambo hili husahaulika. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana na za serikali, na hutoza pesa kwa kukupa fomu ambazo kwenye tovuti ya idara hupakuliwa bure. Tovuti ya kweli ya serikali ya Marekani huishia na .gov kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Neno gov likiwa katikati ya jina, huku mwisho ni kitu kingine, ondoka.

Kitufe kinaweza pia kufungua folda badala ya tovuti. Amri yake ni nemo, kisha njia ya folda ndani ya alama za kunukuu. Tengeneza kimoja kiitwacho Karatasi, kifungue folda yenye nakala za I-94, barua za shule na vyeti vya chanjo. Siku ofisi inapokudai karatasi upesi, mtu yeyote wa nyumbani ataipata.

Kitufe cha benki sikiweki kwenye kompyuta ya wote, hasa ikiwa neno la siri limehifadhiwa. Wengine hawakubaliani nami, na najua benki nyingine ziko mbali. Basi angalau benki iwe kwenye akaunti ya mwenye pesa, yenye neno lake la siri.

Programu isiyo na kitufe

Kijana wako akitaka programu, kwa mfano Krita ya kuchorea, kwanza atazame ndani ya "Software Manager". Programu zinazotoka humo huja na vitufe vyake. Lakini nyingine hupakuliwa kama faili moja la aina ya AppImage, ambalo halijiingizi kwenye menyu. Lihamishe kutoka Downloads kwenda kwenye folda ya kudumu, ulipe jina fupi lisilo na namba ya toleo, kama krita.appimage, ili toleo jipya likija ulibadilishe bila kuvunja kitufe. Libofye kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha "Permissions", uliruhusu litekelezwe kama programu. Baada ya hapo tengeneza kitufe kama tulivyoeleza, njia ya faili hilo ikiwa ndiyo amri.

Kibao cha uongo

Nilisema kibao kinaweza kudanganya. Faili la kitufe linaweza kuwa na picha ya Firefox na jina la Firefox, na amri yake ikawa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo Mint, ikikutana na kitufe kwenye skrini ya mwanzo ambacho hakijaruhusiwa, husimama na kuonya kwamba hakiaminiki. Kama ni kile ulichotengeneza wewe dakika tano zilizopita, kiruhusu. Kama kimekuja kwa barua pepe, kwa WhatsApp au kwenye flashi ya mtu, jibu ni "Cancel", hata kama aliyekituma ni ndugu. Ndugu naye huenda alitumiwa. Mfundishe mama sura ya onyo hilo kabla hajalikuta peke yake: mwonyesheni lilivyo, na mkubaliane kwamba akiliona anafunga na kusubiri mtu.

Wenye Windows: bofya kwa kulia kwenye skrini ya mwanzo, "New", halafu "Shortcut", weka anwani, kisha jina la Kiswahili. Kubadilisha picha ni kwenye "Properties", penye "Change Icon", ila Windows inataka faili la aina ya ICO. Chromebook ya shule ni mali ya shule na itarudishwa; msiweke humo karatasi za familia.

Ukimaliza, rudia lile jaribio la mwanzo. Mama akae kwenye kiti, mtoto atoke nje, nawe unyamaze. Asipofika, usimlaumu, badilisha picha au jina, umwulize yeye angekiita nini. Kwenye darasa lijalo njoo na kompyuta, chaja yake, karatasi yenye anwani ya kliniki, na picha mbili tatu kwenye simu. Na uje na mama mwenyewe, siyo mtoto peke yake.